Niliulizwa kama nina mtoto, nikasema sina

Mama, shikamoo.

Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wengine nikidhani yangu sitaandika kamwe. Leo naandika kwa sababu usingizi umenikimbia.

Wiki mbili zilizopita nilifanya usaili wa kazi ya ugavi. Ni kazi niliyoisomea na nimeifanya miaka sita, lakini mkataba wangu uliisha na huu ni mwezi wa nane sina ajira. Jopo lilikuwa la watu watatu: mwenyekiti, mtu mzima mwenye sauti ya upole, mama mmoja wa idara ya utumishi, na kijana aliyekuwa akiandika. Dakika ishirini za mwanzo zilikwenda vizuri mno. Waliniuliza ningefanyaje mzabuni akichelewesha mzigo, nikajibu. Wakaniuliza nifanye nini hesabu ya ghala isipolingana na vitabu, nikajibu mpaka mwenyekiti akawa anatikisa kichwa kukubali.

Kisha akalifunga jalada langu, akaegemea kiti, akasema, "Haya, sasa tukujue wewe mwenyewe." Akauliza kama nimeolewa. Nikasema hapana. Akasema, "Kwa nini, msichana mzuri kama wewe?" Nikacheka. Mpaka leo sijui nilicheka nini. Akauliza jina langu la ukoo ni la watu wa wapi, nikajibu. Akauliza nasali wapi, nikajibu. Halafu akasema, "Kazi hii ina safari nyingi. Una mtoto?"

Mama, nina binti wa miaka minne. Asubuhi ile, wakati namvalisha viatu, alinichorea saa ya kalamu kwenye kifundo cha mkono ili nisichelewe. Niliposikia swali lile niliuvuta mkono wa blauzi nikaifunika ile saa, nikasema, "Hapana, sina."

Sasa wameniita usaili wa pili, Alhamisi ijayo, mbele ya mkurugenzi. Dada yangu ananiambia ninyamaze, kila mtu hudanganya kwenye intavyu. Rafiki yangu anasema ningesimama niwaambie kwamba maswali yale ni kinyume cha sheria. Mimi sina ubavu huo, na kazi naihitaji. Je, walikuwa na haki ya kuniuliza vile? Wakiniuliza tena nijibu nini? Na ule uongo niuungame au niuache ulale? Kila nikimtazama mwanangu najiona nimemkana.

Mimi, mama wa binti mmoja.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye ile saa ya kalamu. Nianzie hapo, maana naona ndipo panapokuuma kuliko kazi yenyewe. Hukumkana binti yako. Uliulizwa jambo la nyumbani kwako na mtu aliyeshika riziki yako mkononi, ukiwa na miezi minane bila mshahara, na ulikuwa na sekunde mbili za kujibu. Ukatoa jibu litakalokuvusha pale. Sikupongezi kwa uongo ule, na huko mbele nitakueleza uuache wapi. Lakini hatia yote umejitwisha wewe, na aliyeuliza ana fungu lake, tena kubwa kuliko lako.

Nakwambia hivyo kwa kuwa nimekaa upande wa pili wa meza ile kwa miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa utumishi, na mara nyingi mimi ndiye niliyekuwa yule wa kuandika. Siku moja tuliwasaili wanawake wawili kwa nafasi moja. Wa kwanza aliulizwa kama ameolewa, akasema bado. Mjumbe aliyeuliza akaandika pembeni mwa karatasi yake, kwa penseli: "Ataolewa, atahama." Wa pili akasema ameolewa mwaka jana. Akaandika: "Atazaa." Jioni nilipokusanya karatasi niliyaona maneno yote mawili, mwandiko mmoja, jalada moja. Nafasi akapewa mwanamume ambaye hakuna aliyemuuliza habari ya mke wala mtoto. Mimi nilinyamaza, na hilo halijanitoka rohoni.

Ndiyo maana nataka ulielewe hili kwanza: kwa swali la aina ile, jibu la kukuokoa halipo. Ungesema unaye mtoto, ingeandikwa kwamba safari zitakushinda. Umesema huna, na bado pana cha kuandika: atampata. Kwa hiyo acha kujisumbua ukitafuta jibu ulilopaswa kutoa. Lililobaki ni kujua namna ya kuliondoa swali lenyewe mezani.

Umeuliza kama walikuwa na haki. Hapa nitakwenda taratibu kidogo, kwa sababu watu husema "maswali haramu" kana kwamba kuna orodha ya maneno ambayo mtu akiyatamka anakamatwa. Katika nchi nyingi sheria haimkatazi mtu kuuliza. Inamkataza kukunyima kazi kwa sababu ya ulichojibu. Ndivyo ilivyo Marekani chini ya sheria ya haki za kiraia ya 1964. Swali la "una mtoto?" halikutajwa humo, lakini mwombaji akikosa kazi na akashtaki, swali hilo hugeuka ushahidi dhidi ya aliyeliuliza. Kwingine sheria imelifunga swali lenyewe. Uingereza, kwa sheria ya usawa ya 2010, mwajiri haruhusiwi kukuuliza habari za afya yako kabla hajakuahidi kazi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa.

Chini ya hayo yote upo mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958. Unakataza ubaguzi katika ajira kwa misingi ya rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa, taifa la asili au asili ya kijamii, na unahesabu pia hatua ya kuipata kazi, si kubaki kazini tu. Sheria za nchi zimeongeza juu yake. Ya Tanzania, ile ya ajira na mahusiano kazini ya 2004, katika kifungu cha 7 inataja hali ya ndoa, majukumu ya familia, ujauzito, dini, kabila na mahali mtu anakotoka, na inasema wazi kwamba mwombaji kazi naye analindwa. Ya Kenya, sheria ya ajira ya 2007, inamlinda hata anayetarajia kuajiriwa, na katiba ya 2010, ibara ya 27, imeitaja hali ya ndoa kwa jina. Katika nchi zote mbili, mwombaji akishaonyesha dalili za kutosha kwamba amebaguliwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Mwenyekiti wako aligusa ndoa, ukoo, dini na mtoto ndani ya dakika tano. Sidhani alikusudia kuvunja sheria. Wengi wanaouliza hivyo wanaamini wanapiga soga. Lakini jibu likishatoka mdomoni mwako limeingia chumbani, na hakuna awezaye kulitoa kwenye kichwa cha mtu anayekwenda kukupa alama.

Usije hata hivyo ukaliogopa kila swali. Mkataba ule ule wa 1958 unasema kuchagua mtu kwa kuzingatia mahitaji halisi ya kazi si ubaguzi. "Kazi hii ina safari za siku kumi kila mwezi, utaziweza?" ni swali la haki kabisa, mradi waulizwe wote, na wanaume wakiwemo. "Una mtoto?" si swali la safari. Vivyo hivyo, mwajiri ana haki ya kuhakikisha kwamba sheria inakuruhusu kufanya kazi katika nchi ile, ila ukoo wako haumhusu. Dereva apimwe macho. Karani wa ghala aulizwe kama anaweza kuinua mzigo wa uzito uliotajwa kwenye tangazo. Yapo ya kukataa bila kusitasita: kupimwa ujauzito ili upewe kazi, jambo ambalo mkataba wa uzazi namba 183 wa mwaka 2000 unalikataza isipokuwa kwa kazi ambazo sheria ya nchi imezizuia kwa wajawazito au zenye hatari ya wazi kwa mama na mtoto, na kupimwa virusi vya Ukimwi kama sharti la ajira, ambako pendekezo namba 200 la mwaka 2010 la shirika hilo hilo linakataza.

Sasa tuje kwenye kiti chenyewe, maana unapokaa pale sheria haikai nawe.

Nyuma ya swali baya mara nyingi kuna hofu ya kawaida ya kikazi. Yule mzee alikuwa anaogopa atamwajiri mtu, safari ya kwanza itangazwe, mtu huyo aseme hawezi. Hofu hiyo ana haki ya kuwa nayo. Basi jibu hofu, swali liache. Akikuuliza Alhamisi kama una mtoto au utaolewa lini, mwambie hivi: "Nadhani unafikiria zile safari. Kwenye kazi yangu iliyopita nilikuwa nikisafiri kukagua maghala, na hakuna safari niliyoshindwa kwenda. Ratiba ya kazi hii nimeisoma na nitaiweza." Kisha usinyamaze hapo hapo, mrudishie mpira: "Safari hizo huwa mnazipanga mapema kiasi gani?" Sasa yeye ndiye anayejibu. Mazungumzo yamerudi kwenye kazi, na hujamdanganya mtu.

Lakini maneno hayo yawe ya kweli. Kabla ya Alhamisi kaa na dada yako, mhesabu pamoja: ukiondoka siku nne, nani analala na mtoto, nani anampeleka na kumrudisha, akiugua usiku nani anapigiwa simu. Ukishayapanga hayo, sauti yako itakuwa nyingine kabisa. Nimewaona watu wakikariri jibu zuri ambalo nyuma yake hakuna mpango, na jopo hulihisi hata lisipojua limehisi nini.

Akikazania? Wapo wanaokazania. Hapo unasema kwa upole na kwa sentensi fupi: "Mambo ya familia yangu ningeomba nisiyaingize kwenye usaili. Kwa upande wa kazi, hakuna kitakachonizuia kufuata ratiba mliyoitangaza." Halafu funga mdomo. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanakataa vizuri, kisha kimya kinawatisha, wanaanza kujieleza, na ndani ya dakika moja wamekwishasema yote waliyokataa kuyasema. Ulipocheka siku ile ulikuwa unakijaza kimya cha mtu mwingine. Alhamisi mwachie kimya chake. Kama kuna glasi ya maji mbele yako, kunywa funda moja, polepole, uirudishe glasi mezani. Ni sekunde tano hivi. Kwako zitakuwa ndefu kama saa nzima, kwao ni mtu anakunywa maji.

Na akirudia mara ya tatu, muulize: "Naomba nielewe, mwenyekiti, jibu la swali hilo litatumikaje katika uamuzi wenu?" Swali hili linatisha kuliuliza, najua, hasa kwa mtu aliyekuzidi umri na cheo. Litamke kama mtu anayetaka kweli kufahamu. Kisha mtazame yule mama wa utumishi. Sheria ya kazi anaijua, na pengine tangu usaili wa kwanza amekuwa akitafuta mwanya. Mimi niliwahi kuwa yeye. Laiti mmoja wa wanawake wale wawili angeuliza hivyo, nadhani ningepata ujasiri wa kusema, "Mwenyekiti, tuendelee na swali linalofuata."

Fanya mazoezi kwa sauti. Kusoma kimoyomoyo hakusaidii, kwa sababu pale hutatumia moyo, utatumia ulimi. Mwambie dada yako awe mwenyekiti, akuulize maswali yale yale, akukatize, akucheke. Mara ya kwanza utababaika. Mara ya sita jibu litatoka bila wewe kulitafuta.

Kuhusu ukoo na dini nitasema kifupi. Ukiona anayeuliza ana nia njema na wewe huna tatizo kusema, sema, hujafanya kosa. Ukiona linakukereketa, "Nimekulia sehemu mbalimbali na nimezoea kufanya kazi na watu wa kila aina" linatosha, kama ni kweli kwako. Kwa dini: "Imani yangu haigongani na ratiba ya kazi hii." Kama ipo siku ya ibada ambayo huwezi kufanya kazi, hilo lizungumze ukishaahidiwa kazi na kabla hujasaini, kama unavyozungumza habari ya likizo.

Lile la "msichana mzuri kama wewe" sitalipita kifupi. Umeliandika katikati ya mengine kana kwamba ni dogo. Linaweza kuwa mazoea mabaya ya mtu mzima na lisiende zaidi ya hapo. Linaweza pia kuwa mlango unaojaribiwa kama umefungwa. Ukilisikia tena, usicheke. Huna haja ya kukunja uso wala kugomba. Mtazame tu, useme, "Tuendelee na kazi, mwenyekiti." Na likigeuka kuwa "tuonane jioni tulimalize hili", au "ukipata nafasi hii utanishukuruje", hapo ushauri wangu wote wa upole umekoma. Chukua mkoba wako, sema "Asanteni, naishia hapa," uondoke. Hiyo ni rushwa ya ngono. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, unawataja kwa jina wanaotafuta kazi na walioomba kazi. Nchini Tanzania rushwa hiyo ni kosa la jinai tangu sheria ya kupambana na rushwa ya 2007. Miezi minane bila ajira ni mizito, mwanangu, nami siifanyii wepesi. Lakini kazi inayoanza hivyo itakudai kila mwezi, na hutakuwa na wa kumlilia, kwani bosi atakuwa yule yule.

Rafiki yako anayesema ungesimama uwatajie sheria ana uchungu wa haki, na simkosoi. Upo wakati wake. Ila kulitaja neno "sheria" katikati ya usaili ni kama kuweka kisu mezani: hata usipokitumia, hakuna atakayekula kwa raha tena. Kama umekwishaamua kazi ile huitaki, kiweke. Kama unaitaka, anza na ile njia ya kujibu hofu, kisha kataa kwa upole, kisha uliza swali lao litatumikaje. Sheria iache kwa ajili ya baadaye, na kwa ajili ya baadaye unahitaji karatasi.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujalala, andika kila ulichoulizwa siku ile. Tarehe, saa, waliokuwepo na vyeo vyao, maneno kama yalivyotamkwa na si kama ulivyoyaelewa. Andika na ulichojibu wewe, pamoja na ule uongo. Alhamisi ukitoka fanya hivyo tena, ikiwezekana ukiwa bado njiani, maana kumbukumbu ya usaili huyeyuka haraka kuliko unavyodhani. Huenda usiihitaji karatasi hiyo kamwe. Ukiihitaji, muda wa kulalamika huwa mfupi: Marekani kwa kawaida ni siku 180, na Tanzania malalamiko ya namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Kwingine uliza mapema kwenye ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi.

Sasa uongo wako.

Wapo waliosema ukweli, na nataka ujue yaliyowapata, ili usijione mwoga kuliko wote. Mwaka 1981 huko Uholanzi, Elisabeth Dekker aliomba kazi ya ukufunzi kwenye kituo kimoja cha mafunzo ya vijana. Aliwaambia waliomsaili kwamba ana mimba ya miezi mitatu. Waliomsaili wakampendekeza yeye kuwa ndiye anayefaa kuliko wote. Bodi ikamkataa, kwa kuwa bima isingewarudishia gharama za malipo yake akiwa likizo ya uzazi. Shauri likafika Mahakama ya Ulaya, na tarehe 8 Novemba 1990 mahakama ikasema kumnyima mwanamke kazi kwa sababu ya ujauzito ni ubaguzi wa kijinsia wa moja kwa moja, hata kama hapakuwa na mwanamume hata mmoja aliyeomba nafasi ile. Hesabu miaka: tisa. Mtu asiye na miaka tisa ya kusubiri anapoficha, mimi siwezi kumrushia jiwe. Mahakama za kazi za Ujerumani zimekwenda hata mbali zaidi. Zimeshikilia kwamba mwanamke akiulizwa kwenye usaili kama ana mimba anaweza kutoa jibu lisilo kweli, na mwajiri hawezi kuutumia uongo huo kumvunjia mkataba.

Lakini hiyo ni Ujerumani. Kwingine fomu za maombi huwa na mstari pale chini, juu ya sahihi yako, unaosema maelezo ya uongo yatabatilisha ajira, na siku mwajiri akikuchoka atautafuta mstari huo. Zaidi ya hapo, nakuonea huruma na maisha utakayoyaishi. Ungenyamaza tu, usingekuwa na deni. Ukishasema huna, inabidi uulinde. Siku binti yako akishikwa na homa utasema unaumwa wewe. Picha yake hutaiweka kwenye simu. Utakaa kazini ukiwachunga wenzako wasikutembelee nyumbani. Dada yako anasema kila mtu hudanganya, lakini uongo wa "nimebobea kwenye kompyuta" unaweza kuufuta kwa kwenda kujifunza. Huu wako kila asubuhi unavalishwa viatu.

Basi fanya hivi. Alhamisi usilianzishe wewe. Usiingie na kuungama kwa mkurugenzi jambo ambalo hakupaswa kulijua, ukaanza usaili kwa kuomba radhi. Nenda ukaongee ugavi. Lisipoulizwa, limepita. Likiulizwa, usiurudie uongo. Ama tumia njia niliyokueleza ya kujibu hofu, au, ukiona wamekubana kwa swali la moja kwa moja, sema kwa sentensi mbili: "Mara iliyopita nililijibu swali hilo kwa haraka na sikulijibu sawa. Ninaye binti wa miaka minne, na mipango ya malezi yake ninapokuwa safarini ipo." Usiongeze la tatu. Usilie, usielezee habari za baba yake.

Wakikupa kazi, na barua ya ajira ikiwa mkononi, kabla hujasaini mwandikie yule mama wa utumishi barua pepe fupi. Mweleze kwamba kwenye usaili wa kwanza uliulizwa kama una mtoto ukasema huna, kwamba ukweli ni kuwa unaye, kwamba uliogopa jibu litakukosesha nafasi, na kwamba ulichosema juu ya safari kiko palepale. Hatari ipo, sikufichi. Wanaweza kuirudisha barua na kusema ni kwa sababu ya uongo, si kwa sababu ya mtoto. Ila wakifanya hivyo watakuwa wamefanya kwa maandishi, nawe utakuwa na orodha yako ya maswali ya siku ile, na mbele ya tume au mahakama watalazimika kueleza kwa nini waliuliza. Mimi nimeona zaidi likiishia kwa jibu la mstari mmoja: "Asante kwa kutujulisha, tutaonana tarehe moja." Nafikiri mama yule, aliyekuwa ameketi pale anasikia yote, hatashangaa.

Na kabla hujasaini, uliza jambo moja zaidi: utaripoti kwa nani. Kama ni kwa mwenyekiti yule, fikiri tena usiku mmoja. Uliyoyaona kwenye dakika zile tano huenda ndiyo utakayokuwa unayaona kila wiki.

Ukianza kazi, siku za mwanzo utaletewa rundo la fomu. Mojawapo mara nyingi huwa ya bima ya afya, yenye sehemu ya wategemezi. Nimewaona wanawake waliojificha kama wewe wakiiruka sehemu ile ili karatasi zilingane na walivyosema kwenye usaili. Kisha mtoto anaugua, na mama analipa fedha taslimu dirishani ilhali kadi ya bima iko kwenye pochi yake. Wewe usiiruke. Jaza jina lake lote, na tarehe aliyozaliwa.

Niandikie baada ya Alhamisi, nitakuwa nasubiri.